Huo Si Ubongo, Ni Samli

Mwikali,

Weka mzigo chini kwanza, ukae, usome polepole. Na usianze kuniuliza kwa nini karatasi hii haina kona ya juu. Nitafika hapo. Nikikuambia sasa utaruka mistari yote ukimbilie huko, nami sijakaa kwenye kigoda hiki mchana mzima na huu mgongo wangu ili usome kipande.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia. Kikamba changu ni cha mdomo, na huo mdomo umeusikia tangu uzaliwe, umeuchoka. Shule niliachia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa kaka yako Kimeu, aliyefika kidato cha pili na bado anaandika kama kuku anayechakura mchwa. Kwa hivyo usicheke.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kumfunika mtoto upepo wa jioni, ya kutia komeo mlangoni, sikuandikii. Unayajua, na usipoyajua, Emali kuna wanawake wenye watoto, utawauliza. Mimi nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema leo asubuhi ukifunga begi, kabla hujaenda kwa akina mama wa kanisa wakuombee safari. Ulisema, "Mama, tunamvalisha hiyo soksi kila siku na mkono wake bado ni ngumi. Naenda Emali kufanya nini? Si ningoje tu tuvune ndengu, halafu tuone mwenyewe atakavyokuwa?"

Nami nikanyamaza. Najua ulishangaa, ukanitazama kama mtu aliyeona punda akikataa majani. Sikuwa nimekosa la kusema. Hayo maneno, tuone mwenyewe atakavyokuwa, niliyasema mimi kabla hujazaliwa, mlangoni pa nyumba hii hii. Ndiyo maana nilitafuta kalamu.

Lakini wacha nianze na samli, maana najua bado unacheka na mimi sijapata nafasi ya kujitetea.

Siku ile tulipompeleka Mutuku wako kwa wale wa mashine ya kupima ubongo, wewe ulienda kujitayarisha, mimi nikabaki na mtoto. Ningefanya nini? Mtoto wa nyumba hii atoke hapa Matinyani kichwa kimepauka kama mtoto asiye na wazee? Tena mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, aliyechelewa kulia hata wakunga wakaangaliana. Utosi wake ulikuwa bado unapiga, nikiuona unapanda na kushuka. Mama yangu aliniwekea samli hapo, na mimi niliwawekea nyinyi, ili kichwa kifunge vizuri. Nikachota samli ya ng'ombe wetu, nikaiyeyusha kwenye kiganja, nikampaka utosini, nyuma ya masikio, mpaka shingoni. Aling'aa. Ulipomchukua ulisema, "Huyu ananukia jikoni," ukamfunika kofia tukaenda.

Kwamba kuna mtu alikuwa amekupigia simu akakuambia mtoto aje na nywele safi bila mafuta, mimi ningejuaje? Simu ni yako.

Basi tukafika. Yule binti, Halima, mrefu, wa wale Waislamu wanaotoka upande wa juu kupita Mwingi, mwenye kuongea bila kuzungusha, moja kwa moja. Akamlaza Mutuku kwenye mapaja yako, akamvisha ile kofia ya nyuzi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Njiani nilikuwa nimesikia maneno ya watu, ati zile nyuzi zinavuta akili ya mtoto zinaipeleka kwenye kompyuta, mtoto anarudi nyumbani mtupu. Nikamuuliza, "Hizo nyuzi zinatoa nini kichwani mwa mjukuu wangu?"

Akaniita bibi kwa Kikamba chetu, akasema, "Hazitoi kitu, susu, wala haziingizi. Zinasikiliza tu. Ubongo ukifanya kazi unatoa umeme kidogo sana, hata wewe huwezi kuuhisi. Kofia inausikia, skrini inauandika."

Nikamwambia aendelee, lakini namwangalia.

Halafu skrini ikawaka. Unakumbuka wewe mwenyewe. Ile mistari ilikuja minene, imechafuka, mingine inaruka kama mbuzi aliyeingiwa na nyuki, mingine imelala. Ulinishika mkono ukanifinya mpaka kucha zikaingia. Ukasema polepole, "Mama, ubongo wake umeharibika." Nikaona machozi yanakuja, na yangu yalikuwa nyuma yake, ingawa sikukuonyesha.

Halima wala hakukutazama. Aliinua ukingo wa kofia, akagusa kichwa cha mtoto kwa kidole, akakinusa kile kidole.

"Susu, mtoto amepakwa nini?"

"Samli."

"Nilisema msimpake kitu."

"Ulimwambia Mwikali. Mimi hukuniambia."

"Samli nyingi?"

"Ya kumtosha."

Akakugeukia wewe, ukiwa umeshaanza kulia, akasema, "Dada, pangusa macho. Huo si ubongo, ni samli. Mashine haisikii kupitia mafuta."

Nikaona hata yule mama aliyekuwa kwenye benchi na pacha zake anajificha ndani ya leso akicheka. Nilikasirika, kweli. Niliwaambia samli yenyewe haina makosa, ng'ombe aliyeitoa ni msafi kuliko hiyo mashine. Lakini ni mimi niliyeshika kichwa cha mjukuu wangu kwenye beseni la maji ya moto kidogo, nikakiosha kwa sabuni, nikasuuza, nikaosha tena, na samli haitoki, mwanangu, samli ya Kitui inashika. Na nilipokuwa nikisugua nyuma ya sikio lake nilikuwa nikisema moyoni, Bwana, afadhali iwe ni samli kweli.

Na ikawa ni samli. Kofia iliporudi, mistari ilikuja myembamba, inapanda na kushuka kwa utulivu, kama mtu anayepumua.

Hapo sasa ndipo nataka usome mara mbili, kwa sababu wewe siku ile ulikuwa umechoka na ulisikia nusu. Mimi nilisikia yote, nikayashika kichwani.

Halima alichukua brashi laini akaipitisha kwenye mkono wa kulia wa Mutuku, ule mzuri, tena na tena. Akasema mguso mmoja hauonekani, unapotea katikati ya kelele nyingine za kichwa, lakini mashine inajumlisha miguso mingi mpaka jibu linatokea. Likatokea. Halafu akaja kwa mkono wa kushoto, ule wa ngumi, ule tuliokuwa tukisema umelala. Akaupiga brashi vile vile. Tukangoja. Na upande wa kulia wa kichwa, maana alituambia nyuzi za mwili zinapishana, wa kushoto unasikika kulia, pakainuka kilima kidogo. Kidogo, na kimechelewa kuliko kile kingine. Lakini kilikuwepo.

Akasema, "Mmeona? Mkono umefika. Ubongo wake unausikia huu mkono. Haujajua tu kuutuma kazi."

Mwikali, mimi tangu siku ile sijalala vizuri kwa furaha. Wewe ulisikia neno chelewa, ukalibeba hilo nyumbani. Mimi nilisikia neno kufika. Wewe umekua ukichota maji kwenye mchanga wa mto, unajua mto wetu ukikauka mgeni hupita juu yake akasema hapa hakuna kitu, na wewe na kibuyu chako unachimba hapo hapo unapata maji. Si kwamba umeyatengeneza. Yalikuwa chini. Yanataka mtu wa kuchimba asiyechoka mapema.

Nilimuuliza Halima kama Mutuku atatembea. Nilimuuliza kwa ukali, ili asinidanganye. Akasema, "Susu, kofia haitabiri. Inaniambia pa kuanzia. Yeye si mgonjwa, yuko kwenye hatari ya upande mmoja kubaki nyuma, na hayo ni mambo mawili. Ila ubongo wake sasa hivi unatengeneza njia zake. Njia inayopitwa inakuwa barabara, isiyopitwa inaota nyasi. Hatungoji afike mwaka ndipo tuanze." Nikampenda hapo. Mtu asiyekupaka mafuta.

Na alimlaza chali, bila nguo, bila kelele, akamrekodi kwa kamera tu, bila kumshika. Unakumbuka nilimkemea, nikamwambia mtoto analala tu hapo na wewe unapiga picha, mcheze basi. Akasema anaangalia anavyojisogeza mwenyewe, vile vitu vidogo vidogo, mikono inayozunguka, shingo, miguu inayotapatapa, kwamba mtoto mdogo akisogea hivyo ni ubongo unajaribu mwili wake. Akanionyesha kwenye skrini. Upande mmoja ulikuwa unacheza kama majani ya mkunde kwenye upepo. Upande mwingine ulikuwa mpole.

Mpole. Hilo ndilo neno lililonipeleka kwa Kimeu.

Wewe unamjua kaka yako akiwa mtu mzima, na duka lake la kinyozi pale sokoni, mashine mkono wa kulia, na ule wa kushoto ameuweka juu ya kichwa cha mteja kama ameuazima. Anawaambia wateja, "Huo haunyoi, huo ni wa baraka tu." Unacheka, wanacheka. Mguu nao anauvuta, na kwaya inamngoja, kwa sababu besi yake haipatikani kwingine. Sina huruma naye, na yeye hataki. Lakini hukumjua akiwa mtoto.

Kimeu alikuwa mtoto mpole kuliko wote niliowahi kuona. Nilimlaza kwenye gunia shambani, nikapalilia mpaka mwisho wa mtaro, nikirudi namkuta pale pale, anaangalia mawingu. Wanawake walinisifu. "Kalunde, umepata mtoto wa heshima, hata hasumbui." Na mimi nikavimba kichwa. Nilikuwa naringa kanisani na mtoto ambaye hapigi teke. Huku kwetu mtoto anayetulia ni sifa ya mama. Nani angeniambia kwamba mtoto anayenyamaza kwa mikono na miguu anataka kuangaliwa mara mbili?

Nesi mmoja wa kliniki aliona. Alinionyesha kumnyoosha, kumsugua, kumlaza kwa tumbo, kumpa vitu upande ule ule dhaifu. Nilifanya. Usifikiri sikufanya, mimi si mvivu. Nilifanya mpaka siku moja Kimeu akainua ule mkono wa kushoto, akashika ushanga wangu. Nilipiga yowe majirani wakaja na mapanga wakidhani ni nyoka. Baba yako, yule Mutuku wa kwanza, akachinja jogoo. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda, watu wakaimba.

Na Jumatatu sikwenda kliniki.

Ndivyo ilivyokuwa, Mwikali. Sikuacha kwa kukata tamaa. Niliacha kwa furaha. Niliona kazi imekwisha, Mungu amejibu, nikienda tena nitaonekana sina imani. Mvua ilikuwa imenyesha, shamba lilikuwa linaniita. Nikasema, basi, ameanza, tuone mwenyewe atakavyokuwa. Na tuliona. Ule mkono ulishika ushanga, ukashika kikombe kidogo, kisha ukabaki hapo hapo, kama mtu aliyefunguliwa mlango akakosa wa kumwambia ingia.

Nilimwambia Kimeu haya juzi alipokuja kula. Akamaliza ugali wake kwanza, halafu akasema, "Mama, jogoo alikuwa mtamu?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Basi mwambie Mwikali akale jogoo wake huku anaendelea na kazi. Mimi nilikosa kofia tu." Akanyanyuka kurudi kwa wateja wake, anachechemea anapiga mluzi. Huyo ndiye kaka yako. Sasa hata yeye ananitania, na wewe bado unaniogopa.

Sasa njoo kwenye kona ya karatasi.

Ulipotoka nilimlaza mume wangu kwenye mkeka hapa kando yangu. Najua hupendi nikimwita hivyo, lakini wewe ndiye uliyempa jina la baba yako, sasa unataka nimwite nani. Nikamvalisha soksi mkono wa kulia, kama Halima alivyotufundisha, ule mzuri upumzike kidogo ili huu mwingine utafute kazi. Nikamtundikia vile vifuniko vya soda ulivyofunga kwa uzi. Nikavitikisa. Akaviangalia kama mzee anayeletewa chai baridi. Nikatikisa kibuyu chenye mbegu. Akapiga miayo. Nikasema haya, kaa hivyo hivyo, mimi nina barua, tutacheza baadaye. Nikageukia karatasi nikamsahau. Ndiyo, nilimsahau, na usinikemee, soma.

Nilikuwa nimeandika mpaka pale pa punda; yale maneno ya kona pale mwanzo niliyaongeza baadaye, kwenye nafasi niliyokuwa nimeacha juu. Karatasi iko kwenye sinia magotini, inalialia kila nikiisogeza. Nikahisi kitu kinanitazama. Mutuku amegeuza shingo upande wangu, macho yametoka, miguu yote miwili inapiga mkeka. Anaiangalia karatasi. Ile soksi ikaja kwanza, ikapiga sinia, ikateleza, ikapiga tena, ikashindwa. Akakasirika, uso ukakunjamana kama wa babu yake akinyimwa ugoro. Nikataka kuivuta karatasi. Halafu nikasema moyoni, Kalunde, acha, shika pumzi.

Na ile ngumi ikafunguka.

Nisikilize vizuri. Halima alisema ukimtia kidole kiganjani akakishika, hiyo usihesabu, hata mtoto wa jana anashika hivyo bila kujua. Alisema tungoje ile ya kuona, kufungua, na kwenda mwenyewe. Mimi sikumtia kitu. Sikumgusa. Aliona, akafungua, kidole gumba kikatoka ndani kilikokuwa kimejificha, na mkono wa kushoto ukapanda hewani unatetemeka, ukapotea njia, ukarudi, ukafika. Akashika kona ya barua yako. Akavuta. Ikararuka.

Ile sauti ikamshtua. Halafu akacheka.

Mimi sikupiga yowe. Nilijifunga mdomo kwa leso nikaisahau kalamu juu ya barua mpaka wino ukadondoka, utauona hapo juu ule wa bluu. Vifuniko vya soda havikumtoa, kibuyu hakikumtoa, alitaka kile ambacho hakupewa. Mwambie Halima hivyo, kwa maneno yangu. Mwambie asimpe vitu vya watoto, ampe karatasi inayolia, ajifanye ana shughuli.

Najua sasa unafikiria nini. Nakusikia kabisa. Unafikiria, kama ameanza hapa kwenye mkeka wa mama, basi Emali ya nini, nibaki, tuvune ndengu, tuendelee nyumbani. Mwikali, ukiniambia hivyo kesho nitakutoa kwa mlango huu na begi lako kichwani. Hiyo ndiyo furaha iliyoniweka nyumbani ile Jumatatu. Leo ni jogoo tu. Kula jogoo, imba, piga simu kwa Kimeu, lakini asubuhi panda gari. Ndengu nitavuna mimi, na Kimeu atapura, mkono mmoja unatosha kwa fimbo. Wewe huko uza chai yako kwa madereva wa malori, na siku ya mazoezi ya mtoto kwa Halima funga duka, hata kama wateja wamepanga foleni mpaka relini. Kilima kile kidogo kwenye skrini kiende kikipanda. Nataka siku wakimvisha tena kofia waseme huu mkono umewahi, si umefika tu.

Na kichwa chake nimekiosha. Sijampaka kitu. Amepauka kama kiazi, na inaniuma, lakini nimekiacha.

Najua umeingia ukamkuta amelala. Kabla hujamfunika, angalia mkono wa kushoto. Utaona umefunga ngumi kama asubuhi, na utataka kuvunjika moyo. Usiufungue. Kona ya karatasi imo ndani. Nimejaribu kumnyang'anya, amekataa.

Mama yako,
Kalunde